Sungura mgeni mwenye woga: usubiri, umlishe mkononi, umzoeze kushikwa au umletee mwenza?

Sungura ana siku moja nyumbani na hajatoka kwenye kona ya banda. Ukisogea anajibana ukutani, ukipenyeza mkono anaruka hadi anagonga kichwa kwenye senyenge. Jirani mmoja anakwambia mshike kila siku, atazoea tu. Mwingine anasema usimguse kabisa. Wa tatu anataka umnunulie mwenzake. Wote wamewahi kuona ushauri wao ukifaulu, ila kwa sungura tofauti na kwenye nyumba tofauti, na hapo ndipo mtu anapokwama.

Njia nne zinazolinganishwa hapa zinawezekana mjini Tabora bila kuagiza kifaa chochote mbali: kukaa na kusubiri, kumlisha kwa mkono, kumzoeza kushikwa, na kumletea mwenza.

Hakikisha kwanza ni woga

Sungura mgonjwa naye hujikunyata na kukataa watu. Angalia kinyesi chake: kinatakiwa kiwe punje kavu za mviringo, ukubwa wa njegere. Chungulia ndani ya masikio. Magamba ya kahawia ni dalili ya utitiri. Tazama miguu ya mbele upande wa ndani, kwani sungura mwenye mafua hujifuta pua hapo na manyoya yanagandamana kwa kamasi. Mwisho tazama sehemu ya nyuma kama imelowa au imeganda uchafu.

Asiyekula wala kunya kwa saa 12 apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Utumbo wa sungura unaendeshwa na nyasi zinazoingia muda wote. Ukisimama, hali hubadilika kwa saa, si kwa siku. Hapo habari ya kumzoeza iwekwe kando.

Siku mbili za kwanza ni zilezile kwa njia zote

Sungura aliyenunuliwa sokoni amepita kwenye tenga au kiroba, amebebwa kwenye bodaboda, amenusa mbwa na moshi na jasho la watu asiowajua. Mpe saa 48 bila kumfanyia lolote zaidi ya kuweka nyasi, maji na kuondoa uchafu.

Kitu atakachokihitaji kuliko vyote ni boksi la kujificha. Katoni ya sentimita 40 kwa 30, kimo 30, inamtosha sungura wa kilo 2. Usitumie katoni ya sabuni, harufu yake haiishi upesi. Kata milango miwili pande zinazotazamana, kila mmoja upana wa sentimita 15 hivi. Mlango wa pili ndio watu huusahau. Sungura wa kufugwa asili yake ni sungura wa Ulaya, anayeishi kwenye mashimo yenye matokeo kadhaa; hana desturi moja na yule sungura wa porini anayekatiza barabara ya Urambo usiku, ambaye hachimbi shimo la kulala. Ukimpa boksi lenye mlango mmoja kisha ukakaa mbele ya mlango huo, kwake umemnasa.

Funika pande tatu za banda kwa gunia, ubakize upande mmoja wazi ili ajue hatari inaweza kutokea wapi. Sakafu ya senyenge itandikwe ubao au mkeka mkavu walau nusu, maana nyayo za sungura hazina ngozi ngumu kama za mbwa. Zikichubuka, anayeitwa mwoga huenda anaogopa tu kutembea. Miguu ya banda isimame ndani ya makopo yenye oili chafu. Siafu wakimwingilia usiku mmoja, na akapona, hatalipenda tena banda hilo.

Muulize muuzaji alikuwa akimlisha nini, uendelee na kitu hichohicho, ukibadilisha kidogo kidogo kwa siku saba. Ukoka au matete yawepo saa zote. Maji ni kati ya mililita 50 na 150 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na wakati wa joto huenda juu ya hapo.

Tunalinganisha kwa vigezo gani

Vigezo ni vinne: muda na gharama, namna ya kufanya, kinachoharibika, na nani inamfaa. Kuna swali la tano linalopita ndani ya yote: je, katika njia hii sungura anaweza kuondoka akitaka? Kila anapoondoka bila kufuatwa anajifunza kwamba kukaa karibu nawe hakumgharimu kitu, na hilo ndilo linalomrudisha.

Usikosee kusoma mwili wake unapopima matokeo. Pua ya sungura aliyetulia hucheza muda wote. Akiogopa kweli pua husimama, macho yanatoka hadi weupe unaonekana pembeni, masikio yanalala mgongoni, na mwili unaganda. Mtu akimpapasa katika hali hiyo husema, "Huyu mpole kweli." Si upole. Amefika mwisho wa kukimbia, na kitakachofuata ni kuuma au kuruka vibaya. Akipiga chini mguu wa nyuma anatoa tahadhari, simama ulipo. Akijisugua kidevu kwenye mkeka wako au akisaga meno taratibu huku macho yamefumba nusu, mambo yanakwenda vizuri. Kusaga meno kwa nguvu huku amejikunja ni maumivu.

Septemba na Oktoba, Tabora inapopita nyuzi 30 mchana, sungura hujilaza amenyooka na miguu ya nyuma imetupwa. Wengi hufurahi wakidhani amewazoea. Sungura hatoi jasho, na kuanzia nyuzi 28 hivi anaanza kuteseka. Akiwa amelala hivyo huku anahema haraka na masikio ni ya moto, ni joto. Mwekee chupa ya maji yaliyogandishwa, iliyofungwa kitambaa, na uhamishie banda kwenye kivuli cha mwembe. Kipimo cha kumzoea mtu kifanywe asubuhi, wakati wa ubaridi.

Njia ya kwanza: kukaa na kusubiri

Muda na gharama. Fedha hakuna. Muda ni dakika 20 hadi 30, mara mbili kwa siku, na mara nyingi ni wiki tatu hadi miezi miwili kabla hajakaa karibu nawe kwa amani.

Namna ya kufanya. Zungushia eneo chini, mita 3 kwa 2 kama nafasi ipo, uweke ndani boksi lake, nyasi na maji. Tandika mkeka, ukae ukimpa ubavu, usimkabili. Macho ya sungura yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo anakuona vizuri bila wewe kumtazama. Mnyama anayemkazia macho yote mawili, kwake, ni mwindaji. Chagua saa zake: kuanzia saa 12 na nusu asubuhi hadi saa 2, au saa 12 jioni hadi saa 2 usiku. Mchana analala, na kumkalia mchana ni kupoteza muda wa wote wawili. Fanya kazi ya utulivu, kama kuchagua mchele, na uongee kwa sauti ya chini.

Atakuja kwanza nusu. Miguu ya nyuma inabaki palepale ilipo, imejiandaa kurudi, huku kiwiliwili kikivutwa mbele kama mpira wa manati hadi pua ifike kwenye kisigino chako. Ukikohoa, mpira unaachia, naye yuko ndani ya boksi. Kesho yake anarudia. Siku utakayoona miguu ya nyuma nayo inasogea, umepiga hatua kubwa, hata kama hajakugusa.

Kinachoharibika. Mkono. Sungura ananusa goti, mtu anafurahi na kunyoosha mkono, na kazi ya siku kumi inaanza upya. Acha anuse, aondoke, arudi. Kosa jingine ni kukaa saa nzima Jumapili halafu kutoonekana hadi Jumamosi. Kwake ni bora dakika kumi za kila siku. Na wapo sungura wanaoishia kukuhesabu kama kigoda: hawakuogopi wala hawakutafuti. Hao huhitaji kuongezewa njia ya pili.

Inamfaa nani. Mwenye nyumba tulivu, na sungura mkubwa aliyewahi kukamatwa kwa masikio au anayeuma. Kwa sungura wa namna hiyo njia nyingine zote hufika kwa shida bila kupitia hapa. Uwezo wake wa kuondoka ni kamili.

Njia ya pili: kumlisha kwa mkono

Muda na gharama. Dakika tano hadi kumi, mara mbili au tatu kwa siku. Wengi hula mkononi ndani ya siku tano hadi kumi na nne. Gharama ni fungu la mboga, na Tabora, mkoa wa viazi vitamu, matembele hayana shida mvua ikinyesha. Kazi iko Julai hadi Oktoba majani yanapokauka. Hapo tumia mchicha wa bustanini au mlonge, na uwe umekausha ukoka wako mapema: ukatwe Mei kabla haujakomaa, uanikwe kivulini siku mbili tatu ukigeuzwa, kisha uhifadhiwe kwenye gunia mahali pakavu. Majani yakishika ukungu yatupwe.

Namna ya kufanya. Siku tatu za kwanza weka jani moja kwenye mlango wa boksi, uondoke. Siku ya nne chukua mche wa tembele wenye urefu wa sentimita 30 na zaidi, ushike mwisho, na jani lilale chini. Atauvuta. Ukiuvuta nawe, mchezo umekwisha, mwachie. Kila siku punguza urefu kwa vidole viwili vitatu, lakini siku akisita, rudi kwenye urefu wa jana. Mche ukiwa mfupi kama kidole, laza kiganja wazi sakafuni na jani juu yake. Mkono uje kutoka pembeni, ukiwa chini. Unaotoka juu unafanana na mwewe.

Kugusa kunaanza anapokula bila kusita. Gusa kwa kidole paji la uso, katikati ya macho, ukielekea kwenye shina la masikio, hesabu mbili, uache. Usianzie kwenye kidevu, tumbo wala mkia. Akiinamisha kichwa chini ya kidole na kutulia huku pua inacheza, endelea kidogo. Akiondoka, usimfuate.

Kinachoharibika. Kubwa kuliko yote ni kumshindisha njaa ili aje. Baadhi ya watu hufanya hivyo kwa mbwa, na kwa sungura ni hatari ya kifo kwa sababu ya utumbo ule ule uliokwishaelezwa. Nyasi zisiondolewe hata saa moja. Cha mkononi ni cha ziada. Cha pili ni utamu. Karoti kipande cha unene wa sarafu, au ndizi ya ukubwa wa kucha ya dole gumba, inatosha kwa siku. Sukari ikizidi, anaharisha. Anayetumia chakula cha punje cha dukani (pellets) asizidishe gramu 25 kwa kilo ya uzito kwa siku, na kiasi hicho ndicho kigawanywe mkononi. Jani jipya lianzishwe moja moja, kwa kiasi kidogo. Parachichi na majani yake, majani ya nyanya na viazi mviringo, vitunguu, kisamvu kibichi na maharage mabichi yasifike mdomoni mwake.

Kuna pia kuumwa vidole. Sungura haoni kitu kilicho mbele kabisa ya pua yake, hutafuta kwa harufu na midomo. Kidole chenye harufu ya karoti ni karoti. Ndiyo maana kiganja kiwe wazi. Ukiumwa usipige kelele wala kumpiga pua. Tulia, osha, siku inayofuata anza na mche mrefu.

Inamfaa nani. Mfanyakazi anayetoka asubuhi na kurudi jioni, na nyumba yenye watoto waliokwishaanza shule, mtu mzima akiwapo. Mtoto akishika mche mrefu anapata furaha yake, na sungura anabaki na umbali wake. Kasoro ni kwamba imani hii mwanzoni iko kwenye tembele: anachukua, anakimbia. Ongezea dakika tano za kukaa kimya baada ya kulisha.

Njia ya tatu: kumzoeza kushikwa

Muda na gharama. Dakika mbili, mara mbili kwa siku, na taulo moja.

Namna ya kufanya. Kaa chini sakafuni, ili akiponyoka asianguke. Mkono mmoja chini ya kifua, wa pili ubebe matako, umlaze kwenye mwili wako miguu yote minne ikiwa na mahali pa kukanyaga. Taulo likimfunika kichwa hadi mgongoni humsaidia. Mrudishe kabla hajaanza kupapatika, ukimtanguliza nyuma, ili akirusha teke lisiupinde mgongo wake.

Kinachoharibika. Mifupa ya sungura ni kama asilimia 7 au 8 tu ya uzito wake, na misuli ya miguu ya nyuma ina nguvu kuliko uti wa mgongo unavyohimili. Teke moja akiwa amebanwa vibaya linaweza kumpoozesha. Kumwinua kwa masikio ni kumtesa. Kumlaza chali hadi "anasinzia" ni kumtisha: anaganda kama mnyama aliyekwisha kamatwa na simba. Na ukimkimbiza bandani kabla ya kila kipindi, anachojifunza ni kukimbizwa.

Inamfaa nani. Njia hii inasemwa vibaya kuliko inavyostahili. Vitoto vya sungura vinavyoguswa katika wiki ya kwanza ya maisha, wakati wa kunyonya, hukua bila kuwaogopa sana watu. Mwenye jike linalozaa nyumbani asiikose nafasi hiyo. Mtoto wa wiki nane naye huzoea upesi. Hata sungura mkubwa lazima siku moja ashikike, kwa kucha na kwa kukagua sehemu ya nyuma, hasa masika, nzi wanapotaga na mabuu kutoboa ngozi ndani ya siku moja. Kwa sungura mkubwa aliyekuja juzi, hata hivyo, ndiyo njia inayomnyima kabisa uwezo wa kuondoka. Isubiri hadi ale mkononi na apapaswe kichwa.

Njia ya nne: kumletea mwenza

Muda na gharama. Kila kitu mara mbili: nyasi, nafasi, matibabu, na mwanzoni mabanda mawili. Kuunganisha kunachukua wiki mbili hadi nane.

Namna ya kufanya. Weka mabanda jirani, yakiachana sentimita 5 au zaidi ili wasiumane kupitia senyenge. Badilishana matandiko yao kila siku kwa wiki moja au mbili. Kisha wakutane mahali ambapo hakuna aliyewahi kuishi, dakika kumi, nyasi zikiwa zimetawanywa, na taulo mkononi. Kufukuzana kidogo na kupandana ni kawaida. Wakianza kuzunguka wakiviringika pamoja huku manyoya yanaruka, watenganishe mara moja kwa taulo, usitumie mkono mtupu.

Kinachoharibika. Dume na jike wanapata watoto baada ya siku 31 hivi, na jike anaweza kushika mimba tena siku ileile aliyozaa. Madume wawili wakikomaa, kati ya miezi minne na sita, hupigana hadi kujeruhiana korodani. Muulize daktari wa mifugo kama anahasi sungura kabla hujanunua wa pili. Dume aliyehasiwa naye akae mbali na jike wiki sita. Kama hakuna wa kuhasi, chaguo lililobaki ni majike wawili ndugu waliokua pamoja, na hao pia waangaliwe wakikomaa. Simbilisi si mwenza wa sungura, ingawa wanauzwa sehemu moja. Mmoja huonea mwingine na huambukizana maradhi ya kifua.

Inamfaa nani. Nyumba ambayo mchana kutwa haina mtu. Mwenza aliyetulia akila mbele yako, mwoga hujifunza kwa kumtazama. Ila mwenza humtoa woga wa mahali zaidi ya woga wa mtu, na ukileta waoga wawili kila mmoja atamshtua mwingine.

Ukichagua kwa hali yako

Sungura anauma au anagonga senyenge kila ukifungua: anza kusubiri, wiki mbili nzima, bila mkono. Baadaye ingiza mche wa tembele.

Unaondoka saa 1 asubuhi na kurudi saa 11 jioni: lisha kwa mkono alfajiri na jioni, na Jumapili ukae naye mkekani. Ukiona baada ya miezi miwili anakuzoea wewe lakini mchana anakaa amejificha hadi nyasi zinabaki, hapo fikiria mwenza.

Watoto ni wadogo na hawawezi kukaa kimya: sungura awe na sehemu ambayo mkono wa mtoto haufiki, na kulisha kufanywe kwa mche mrefu tu. Kubeba hapana.

Umenunua kitoto kilichoachishwa ziwa mapema, cha wiki nne au tano: kwanza uhai. Nyasi, chakula alichozoea, joto usiku wa Juni na Julai, mboga mbichi kidogo sana. Mpe wiki ya kutulia, kisha mkono na kushikwa kwa muda mfupi vinaweza kwenda pamoja.

Unaishi karibu na stesheni au mashine ya kusaga: kelele ya kila siku ataizoea kuliko ya ghafla. Fanya vipindi vyako dakika chache kabla ya treni au mashine kuanza, ukiwa unamlisha, usisubiri kelele ndiyo uje kumbembeleza.

Wiki sita zimepita na hakuna kilichobadilika kwa njia yoyote: acha kubadilisha njia, chunguza mahali. Amka saa 8 usiku na tochi uone kama paka analala juu ya banda, panya wanaingia kwenye chakula, au mbwa wa jirani ananusa miguu ya banda. Hamisha banda, mkague tena afya, kisha mpe saa 48 za kwanza upya.